Maswali kwa Mchumi wa Mkoa: Mali Inazalishwa Hapa, Inabaki Wapi?

Barua za safari hii zimetoka Mbeya, Mufindi, Isyonje, Vwawa na Rujewa. Nimefanya kazi ya uchumi serikalini katika Nyanda za Juu Kusini kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, na najibu kwa yale niliyoyaona mezani na mashambani. Maswali nimeyafupisha bila kubadili maana yake.

Swali (mwanafunzi wa shahada ya uchumi, Mbeya): Shikamoo mzee. Mchumi wa serikali mkoani anafanya nini hasa kutwa nzima?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mchumi wa mkoa hukaa katika Sekretarieti ya Mkoa, chini ya Katibu Tawala, upande wa mipango na uratibu. Mwenzake wa halmashauri yuko chini ya mkurugenzi. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 iliufanya mkoa uwe mshauri na msimamizi wa halmashauri badala ya mtekelezaji mkuu wa miradi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa kusoma mipango iliyoandikwa na wengine, kuihoji, na kuirudisha kwa staha lakini bila woga. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kabla ya hapo kuna miezi ya mwongozo wa bajeti, ukomo wa bajeti, vikao vya Baraza la Madiwani, Kamati ya Ushauri ya Mkoa na safari za Dodoma, na katika miezi hiyo utalala kidogo. Kisha inakuja kazi ambayo wengi huidharau, nayo ni kwenda kuangalia kama kilichoandikwa kipo.

Nikiwa kijana nilipitisha andiko la soko la mazao katika halmashauri moja. Hesabu zake zilikuwa safi, na muhtasari wa kikao ulionyesha kwamba wananchi wameridhia. Soko likajengwa, likapakwa rangi, lakini lilikuwa ng'ambo ya korongo, mbali na mahali ambapo lori linaweza kugeuza. Akina mama walipanga nyanya zao mle ndani siku mbili, siku ya tatu wakarudi kando ya barabara. Sikuwa nimekwenda kuuona uwanja ule kabla ya kutia saini. Tangu hapo sijapitisha andiko la mradi ambao sijakanyaga ardhi yake, na nakuomba uanze na tabia hiyo kabla ya kujifunza programu yoyote ya takwimu.

Swali (huyo huyo): Je, ni lazima niwe hodari sana wa hisabati?

Jibu: Uwe hodari wa asilimia, wastani, faharasa za bei na kusoma jedwali bila kudanganyika. Mengine utajifunza kazini, ila kuandika ukurasa mmoja unaoeleweka na diwani hakuna atakayekufundisha kazini, kwa hiyo jizoeze sasa.

Swali (mwalimu wa shule ya msingi, Mufindi): Tunaambiwa Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye pato kubwa kwa kila mtu. Mbona watoto wengi darasani kwangu ni wafupi kuliko umri wao?

Jibu: Mwalimu, katika barua zote nilizopokea, hii ndiyo iliyonikalisha muda mrefu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu, yaani ufupi kuliko umri unaotokana na lishe duni ya muda mrefu, kwa asilimia 57 hivi ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa, na kwa karibu nusu ya watoto wa Njombe na Rukwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine kwa mahindi, viazi na maharage, kwa hiyo tusijidanganye kwamba tatizo ni ghala tupu.

Tuanze na namna pato la mkoa linavyopatikana. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hukadiria thamani ya kilichozalishwa ndani ya mipaka ya mkoa, na kiasi hicho kikigawanywa kwa idadi ya watu tunapata pato la mtu mmoja. Gogo la msonobari likikatwa katika msitu wa Sao Hill, thamani yake huhesabiwa Iringa, na chai ikichumwa Mufindi ni vivyo hivyo. Hesabu hiyo haiulizi faida imelala wapi, kama imebaki Mafinga kwa mwenye kishamba cha miti au imekwenda kwa mwenye mtaji anayeishi Dar es Salaam au ng'ambo. Tena wastani una tabia ya kuficha. Chukua kaya kumi, moja ipate shilingi milioni 41 kwa mwaka na tisa zipate milioni 1 kila moja: wastani ni milioni 5, ilhali hakuna kaya hata moja kati ya hizo kumi inayoishi maisha ya milioni 5.

Lakini sehemu kubwa ya jibu haimo kabisa kwenye majedwali ya pato, kwa sababu ni muda wa mama. Msimu wa kupanda ukifika, mama hutoka alfajiri na jembe, na mtoto wa miezi minane huachiwa dada yake wa miaka saba pamoja na uji mweupe wa mahindi kwenye chupa ya chai, uji usio na karanga, wala maziwa, wala dagaa. Mayai yamo bandani, lakini yai ni fedha ya sabuni. Maharage yalivunwa, yakauzwa yote kwa sababu ada ilikuwa inadaiwa. Nimeingia katika nyumba za namna hiyo zenye bati jipya na pikipiki mlangoni, nyumba ambazo katika taarifa zetu zimepiga hatua, na nikatoka nikiwa sina la kusema.

Halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kutoka mapato ya ndani kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na wakuu wa mikoa husaini mkataba wa lishe. Mchumi wa halmashauri asitosheke kuona fedha zimetengwa. Aangalie zimetoka mwezi gani na zimenunua nini, maana fedha ya lishe inayotoka Juni, mwaka unapofungwa, ni rahisi kuishia kwenye semina. Na kwa maoni yangu, bomba la maji lililo karibu, mashine ya kusaga kijijini na kituo cha kulelea watoto wadogo msimu wa kilimo vinastahili kuandikwa katika mpango wa ukuaji wa uchumi wa mkoa, ukurasa uleule wenye barabara na viwanda. Tukiviacha kwenye sura ya ustawi wa jamii, vitaendelea kupata kilichobaki baada ya wengine kugawana.

Swali (mkulima wa viazi, Isyonje): Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ilipigwa marufuku zamani. Kwa nini bado tunauza hivyo, na kwa nini serikali isipange bei?

Jibu: Ndugu yangu, sheria ya vipimo ipo, inataka mazao yauzwe kwa uzito na gunia lisizidi kilo 100, na bado sote tunayaona magunia yale kando ya barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, yamejazwa hadi mdomoni, kisha yakaongezewa kilemba cha wavu na kushonwa kwa kamba. Siku moja tulibeba mizani mpaka pale malori yanapopakia, na kila gunia tuliloliweka juu yake lilivuka kilo 100. Tuseme gunia lina kilo 130 na unalipwa kama la kilo 100. Kwa kila magunia 10 umetoa kilo 300, yaani magunia matatu kamili yameondoka bila malipo. Halmashauri nayo inapoteza, kwa sababu mkusanya ushuru akihesabu magunia badala ya kilo, viazi vya kilemba vinapita getini bure.

Amri pekee haijaondoa lumbesa kwa kuwa mkulima mmoja hawezi kuikataa peke yake. Viazi ni vya kuoza, lori limeshafika, na jirani yako yuko tayari kujaza kilemba. Anayeweza kukataa ni kundi: kituo cha kuuzia chenye mizani, ambako kila mwenye viazi wa kata hiyo anapita na ambako lori halipati mzigo pengine. Wakulima wa kakao wa Kyela wameuza kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, yaani mazao huwekwa ghalani na mkulima hupewa hati, mnunuzi akishindana na mnunuzi mwenzake mbele ya watu. Kakao iliyokauka husubiri ghalani na kiazi hakisubiri hivyo, kwa hiyo mfumo ule hauwezi kuhamishwa ulivyo, lakini mizani ya pamoja inawezekana hata kesho. Kuhusu bei, mimi siungi mkono serikali kupanga bei ya viazi: ikipangwa juu ya soko, lori litapitiliza, na ikipangwa chini umeumia wewe. Mizani ya haki ikiwepo, bei utaipigania mwenyewe ukijua unachouza.

Swali (mfanyabiashara, Vwawa): Je, kugawa mikoa huharakisha maendeleo?

Jibu: Kunasogeza ofisi, na kusogea kwa ofisi kuna faida yake kwa mtu wa Ileje aliyekuwa akisafiri hadi Mbeya kufuata huduma ya mkoa. Kukua kwa uchumi ni suala jingine. Songwe ilikuwa na kahawa ya Mbozi na mpaka wa Tunduma kabla ya kumegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na bado ingekuwa navyo bila kuwa mkoa. Ninachokuomba ni uangalifu wa takwimu. Sensa ya 2012 iliipa Mbeya watu 2,707,410, na ile ya 2022 ikaipa 2,343,754, na nimewahi kumsikia mtu akieleza kikaoni kwamba watu wanaihama Mbeya. Hawakuhama, Songwe ilikuwa imeondoka na watu wake, ambao mwaka 2022 walikuwa 1,344,687. Ukijumlisha mikoa yote miwili, eneo lilelile lilikuwa limekua kwa asilimia 36 hivi katika miaka kumi. Mwaka 2012 Njombe nayo ilimegwa kutoka Iringa, kwa hiyo atakayelinganisha Iringa ya zamani na ya leo bila kurekebisha mipaka atakosea vilevile.

Swali (mtumishi mpya, hakutaja wilaya): Bosi akitaka nipandishe takwimu nifanyeje?

Jibu: Usibishane ukumbini. Andika dokezo sabili, yaani waraka mfupi wa ndani ya ofisi, lenye chanzo cha takwimu, tarehe na namna ulivyoipata, liingie kwenye jalada, kisha mpelekee kwa heshima. Wengi huacha ombi lao wakishaona maandishi.

Swali (mkulima wa mpunga, Rujewa): Tunalaumiwa kwamba tunakausha Mto Ruaha Mkuu. Mpunga wetu si uchumi?

Jibu: Ni uchumi, tena mkubwa, na mchele wa Mbarali unaliwa mbali na Mbeya. Lakini maji yale yakitoka bonde la Usangu yana safari: hupita ardhi oevu ya Ihefu, huingia Hifadhi ya Ruaha, hufika bwawa la Mtera lenye mitambo ya umeme ya megawati 80, kisha bwawa la Kidatu lenye megawati 204, na mwishowe huungana na Rufiji. Tangu miaka ya 1990 mto umekuwa ukikatika hifadhini wakati wa kiangazi. Tunapopima ukuaji wa Mbarali kwa ekari zilizoongezeka peke yake, tunaandika faida ya wilaya moja na kuacha hasara ikaandikwe mkoa mwingine, na mchumi wa mkoa akikubali kupima hivyo amekosea hata kama kila tarakimu ni sahihi.

Lawama, hata hivyo, isiwaangukie wakulima wadogo peke yao. Maji mengi hupotea kwenye mifereji ya udongo isiyosakafiwa na kwenye majaruba yanayojazwa kiangazi ili mtu awahi bei ya mwanzo wa msimu. Kilimo shadidi, cha kupanda mche mmoja mchanga kwa nafasi na kulowesha shamba kwa vipindi badala ya kuligharikisha, hutumia maji kidogo na mara nyingi huongeza mavuno, ila kinadai palizi zaidi na shamba lililosawazishwa vizuri, na hapo ndipo fedha ya serikali ingefaa kwenda. Katika mkutano ujao wa jumuiya yenu ya watumia maji, ulizeni lango la mfereji wenu hufungwa tarehe ngapi, na nani ana ufunguo.