Umepewa umtaaluma kwa mdomo? Dai barua kwanza

Mwalimu, umeuliza kama ukubali umtaaluma, yaani cheo cha mwalimu anayesimamia taaluma, kwenye hiyo shule binafsi, ilhali meneja amekwambia tu kwamba posho "tutaangalia mbele ya safari". Kubali, ila usianze kazi bila barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yenyewe, saa, malipo.

Kwenye barua hiyo dai jambo ambalo wengi hulisahau, kupunguziwa vipindi. Ukibaki na vipindi vyote vya Hesabu, kisha upange ratiba, ukague maazimio ya kazi (mipango ya walimu ya kufundisha), na Jumatatu umkute mzazi mlangoni ameshika ripoti ya mwanaye, mwezi hutaumaliza. Na wenzako ofisini watakuita mpambe wa meneja, jiandae tu.

Kabla ya kusaini, angalia michango yako NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kama unakatwa na haipelekwi, mimi cheo hicho nisingekitaka.

Ajira ya serikali haizuiwi na haya. Jisajili Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, weka wasifu sawa, fundisha huku ukisubiri kuitwa kwenye usaili.