Nampiga kaa, simpati: gemu za zamani bado zinachezeka?

SWALI: Kaka mmoja kazini alinisifia The Elder Scrolls III: Morrowind mpaka nikainunua, tena kwa bei ya kutupa. Nimetoka kijiji cha kwanza, nikakutana na kaa ufukweni. Namchoma kisu usoni kabisa, kisu kinapita hewani! Mdogo wangu, aliyezoea gemu za siku hizi, amecheka mpaka akakaa chini. Hizi RPG (gemu za kumkuza mhusika wako ndani ya hadithi) za zamani bado zina kitu, au watu wanakumbuka utoto wao tu? – J., Tanga

JIBU: Tumalizane kwanza na kaa. Nadhani kisu chenyewe ni kile cha mezani katika ofisi ya Seyda Neen, hicho kijiji cha kwanza, na ulipojaza habari za mhusika wako ulichagua upanga mrefu au shoka. Gemu hii ni ya 2002, lakini kila pigo bado linatupiwa kete usiyoiona, na ustadi wako na silaha hiyo ukiwa mdogo, mara nyingi unakosa. Ustadi ulioupa kipaumbele huanzia 30. Ulioupuuza huanzia 5, ukiacha nyongeza kama ya kabila la mhusika. Halafu naamini ulimwendea mbio. Mbio zinakula ule mstari wa kijani wa pumzi, na ukiisha hata bingwa anapiga hewa. Shika silaha uliyoichagua, nenda kwa mwendo wa kawaida, kisha mpige.

Utoto wangu mimi hauhusiki. Nimeicheza nikiwa mama mtu mzima, usiku, watoto wamelala. Daftari langu upande mmoja ni hesabu za vikoba, upande wa pili ni njia za Vvardenfell, kisiwa cha Morrowind, kwa sababu humo hakuna mshale wa kukuongoza. Unaambiwa nenda mji wa Balmora, uingie kilabu cha South Wall, uulize nyumbani kwa Caius Cosades, mtu unayetumwa kwake, ni wapi. Basi. Unauliza watu, unapotea, na kupotea kwenyewe ndiko kunakokukutanisha na mambo.

Kwa mfano, toka Seyda Neen kwa miguu. Utasikia mtu akipiga kelele, kisha mchawi aitwaye Tarhiel anadondoka kutoka angani na kufa mbele yako. Mpekue: ana hati tatu za uchawi wa kuruka. Ukisoma moja na kuruka, unavuka nusu ya kisiwa, halafu uchawi unaisha ungali juu, nawe unakufa vilevile. Gemu haikukatazi wala haikuonyi. Ujanja ni kusoma ya pili kabla hujagusa ardhi. Nitajie gemu ya mwaka huu inayomwamini mchezaji kiasi hicho.

Ila si kila kizee kina busara. Final Fantasy VII ya 1997 ina hadithi ninayoipenda, lakini kila hatua chache unavamiwa na adui asiyeonekana, na baadhi ya uchawi wa kuita miungu unachukua muda wa kuchemsha chai, tena huwezi kuuruka. Chukua toleo la 2019 la Switch, mashine ya gemu ya Nintendo, lenye kuongeza kasi mara tatu na kuzima mapambano hayo. Watakaosema ni kudanganya, waache wasubiri wao.

Huyo mdogo wako mpe Chrono Trigger ya 1995, ambayo ipo hata kwenye simu. Maadui wengi unawaona wamesimama njiani, mnapigana palepale, na hadithi haikokoti miguu. Hiyo siiombei radhi kwa mtu.

Wewe weka OpenMW, programu ya bure ya kuichezea Morrowind, inayotumia mafaili ya gemu uliyonunua. Morrowind yenyewe inadai GB 1 tu ya diski, wakati RPG ya kisasa kama Baldur's Gate 3 ya 2023 inadai 150, kwa hiyo laptopu yako isikutie wasiwasi. Ukimpata Caius atakupa sarafu 200 na kukuambia ukajijenge kwanza. Mtii, na hela hiyo mpelekee mwalimu wa silaha, usinunulie mavazi.