Kwa Wanaoanza Kuandika Kuhusu Maasi ya Vellore

Wiki hii nimesoma rasimu tatu za wanafunzi wapya wa uzamili kuhusu Vellore, ngome ya kusini mwa India ambako askari waliwaasi Waingereza, na zote zinaanza na kilemba cha sare mpya ya askari hao na kumalizikia kwenye kilemba. Wanangu, nawapenda, lakini kosa hilo nililitenda kabla yenu na liliniumiza.

1. Msiyaite maasi makubwa ya India ya 1857 kuwa ya kwanza, kwa maana sepoi wa Vellore, yaani askari wa Kihindi waliotumikia jeshi la Waingereza, waliinuka usiku wa kuamkia 10 Julai 1806.

2. Sababu moja haitoshi. Tasnifu yangu ilieleza kwa kirefu amri ya Novemba 1805, iliyowakataza Wahindu kuvaa alama za ibada kwenye paji la uso, ikawataka Waislamu wanyoe ndevu, na kuleta kilemba kipya chenye pambo la ngozi. Hayo yote ni kweli. Siku ya utetezi, mtahini aliweka kidole juu ya ukurasa wangu, akauliza kwa upole: "Walipoiteka ngome, walipandisha bendera ya nani?" Nilijua kuwa ilikuwa ya ufalme wa Mysore, ya mtawala wake Tipu Sultan aliyeuawa na Waingereza vitani mwaka 1799, ambaye wanawe walikuwa wakizuiliwa ndani ya ngome hiyohiyo; ila nilikuwa nimeizika bendera hiyo kwenye tanbihi. Nikajibu haraka kwamba basi wana wa Tipu ndio chanzo, na hapo nikaharibu zaidi, kwa sababu lawama hiyo iliwafaa sana waliotaka kuitetea amri ya sare, kama vile kilemba kilivyowafaa waliotaka kuwatupia wakubwa wa jeshi lawama. Tume ya uchunguzi yenyewe ilitaja yote mawili, na Bentinck, gavana wa Madras, pamoja na Jenerali Cradock, mkuu wa jeshi lake, wakaondolewa madarakani. Kisha mtahini akafungua kurasa mbili ubavu kwa ubavu: huku maofisa wa Kiingereza kwa majina na vyeo, kule sepoi waliouawa baada ya Gillespie, ofisa wa Kiingereza, kufika na askari wapanda farasi kutoka mji jirani wa Arcot, nao nimewaandika "waasi 350" tu. Koo lilinikauka. Tasnifu ilirudishwa, nikaiandika upya kwa mwaka mzima.

3. Kila dondoo liandikiwe namba ya jalada siku hiyohiyo.

4. Tafuteni sepoi mwenye jina. Mustafa Beg aliwaonya maofisa wiki kadhaa kabla. Hawakumwamini, wakamfungia kama mwendawazimu. Hakuna hata mmoja wenu aliyemtaja. Rasimu ya pili nataka kumwona humo, na naitaka Ijumaa.