Kusindikiza Wanafunzi Nje ya Nchi: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Shule yetu inapeleka vijana 24 wa miaka 14 hadi 17 nje ya nchi, na wasindikizaji tumepangwa wawili. Tunatosha?

JIBU: Hamtoshi. Kijana mmoja akiugua usiku, msindikizaji mmoja atakwenda naye hospitali na huenda akalala huko. Kijana akilazwa, atabaki naye hata siku ya wenzake kurudi nyumbani. Wa pili ataachiwa vijana 23 peke yake, asubuhi kuna basi la kuwahi, na yeye mwenyewe hajalala. Ndiyo maana hesabu ianzie kwenye swali hili: mmoja wetu akiondoka, waliobaki wataweza? Kwa kundi lenu tunashauri wasindikizaji watatu kwa uchache, na kama kundi ni la wasichana na wavulana, pawe na mwanamke na mwanamume. Dai nafasi ya tatu sasa, kabla tiketi hazijakatwa.

SWALI: Hofu yangu kubwa ni vituo vya treni. Nifanye nini ili nisimpoteze mtoto wa mwenzangu?

JIBU: Mtego ni mlango. Nusu ya kundi imepanda, mlango unajifunga, na wasindikizaji wote wako ndani kwa sababu walitangulia kutafuta viti. Mgawane: mmoja apande wa kwanza, mwingine apande wa mwisho kabisa, asitie mguu ndani hata kijana mmoja akiwa bado anafunga kamba za viatu.

Kuhesabu vichwa kwa macho hakuaminiki. Vijana hawatulii, utamhesabu mmoja mara mbili, 24 itatimia, kumbe mmoja yuko msalani. Mpe kila kijana namba yake ya safari nzima, waitike kwa kufuatana, wa kwanza hadi wa mwisho. Wakizoea, kazi hiyo haifiki dakika moja. Jihadharini na rafiki anayemwitikia mwenzake: anayehesabisha awatazame usoni. Fanyeni hivyo kabla ya kuondoka mahali, kabla ya kupanda na baada ya kupanda, chombo kikiwa hakijaondoka. Kwenye treni za mjini hesabu ya mwisho haiwezekani, kwa hiyo ile ya jukwaani isirukwe kamwe.

Kisha wafundisheni kanuni hii kabla ya safari, na muwaulize tena wairudie kwa maneno yao. Aliyeachwa jukwaani abaki palepale. Aliyepitilizwa na treni ashuke kituo kinachofuata, asimame jukwaani, asipande ya kurudi. Msindikizaji ndiye anayemfuata. Mtoto na mtu mzima wakianza kutafutana kwa pamoja, watapishana njiani, na tatizo la dakika kumi litakuwa la saa mbili.

Kila kijana awe na kadi mfukoni: jina na anwani ya hoteli kwa maandishi ya nchi ile, na namba za wasindikizaji wawili zikianza na msimbo wa simu wa nchi. Namba iliyo kwenye simu tu haina faida chaji ikiisha. Ongezeni namba ya dharura ya huko. Nchi zote za Umoja wa Ulaya hutumia 112. Jina la kijana lisining'inie shingoni, maana mtu mbaya akimwita kwa jina, mtoto hudhani anafahamiana naye.

SWALI: Binti yangu ana pumu. Dawa abebe yeye au mwalimu?

JIBU: Pampu abebe mwenyewe, muda wote, na ya akiba ibebwe na msindikizaji. Zote ziwe kwenye mabegi ya mkononi, kwani begi la mizigo linaweza kuchelewa au kwenda kwingine. Dawa zibaki kwenye boksi lake, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la kitaalamu la dawa, si la kibiashara, maana dawa ileile huuzwa kwa majina tofauti nchi hadi nchi. Angalieni pia sheria za mnakokwenda: Japani, kwa mfano, hairuhusu dawa za mafua zenye pseudoefedrini zaidi ya asilimia 10.

SWALI: Pasipoti zikae na nani?

JIBU: Kwenye kaunta ya uhamiaji kila mtu ashike yake. Mkishapita, zikusanywe, zihesabiwe, zifungiwe kwenye sefu ya hoteli. Lakini ulizeni kwanza sheria: Japani mgeni kuanzia miaka 16 hutakiwa kutembea na pasipoti yake. Wasindikizaji wawili wawe na nakala za zote, kila mmoja seti yake, pamoja na picha ndogo mbili za kila kijana. Ikipotea, nendeni polisi mpate taarifa ya maandishi, kisha ubalozini mkaombe hati ya dharura. Picha na nakala huokoa siku nzima.

Miezi mitatu kabla, kagueni tarehe za mwisho. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele, na mashirika ya ndege humzuia abiria palepale kwenye kaunta. Barua ya idhini isainiwe na wazazi wote wawili na kuthibitishwa na wakili. Mzazi mmoja akiwa amefariki, au mlezi akiwa mzazi mmoja tu, hati inayoonyesha hivyo iambatanishwe.