Je, kwasa zenye redio hafifu ni kwasa zilizozeeka?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo kidato cha sita na ninaandaa mada ya kuwaeleza wenzangu kuhusu kwasa, yaani mashimo meusi makubwa yanayomeza gesi katikati ya galaksi za mbali. Nimesoma kwamba nyingi hutoa mawimbi ya redio hafifu mno, na chache tu ndizo zenye nguvu. Je, hizo hafifu ni kwasa zilizozeeka, zinazoelekea kuzimika? Na enzi za kale, zote zilikuwa na nguvu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mambo mawili yameshikana hapo, na sina budi kuyatenganisha kwanza. Kuna kwasa iliyo hafifu kwa sababu iko mbali, na kuna iliyo dhaifu kwa asili yake. Antena peke yake haiwezi kuzitofautisha.

Chukua kwasa iitwayo 3C 273, ambayo mwanaanga Maarten Schmidt aling'amua umbali wake mwaka 1963. Mwanga wake umesafiri takriban miaka bilioni 2, na kwa mawimbi ya redio ni miongoni mwa kwasa zenye kishindo kuliko zote tunazozipokea. Isogeze hadi pale ambapo mwanga huhitaji miaka bilioni 10 kutufikia. Ingefifia mara mia kadhaa, ilhali yenyewe haijapoteza kitu. Sasa weka kwasa dhaifu kwa asili mahali hapohapo: hutaiona kabisa. Ndiyo maana katika orodha za zamani, kadiri ulivyotazama mbali ndivyo ulivyobaki na majabari peke yake, na mtu angeapa kwamba enzi za kale zote zilikuwa majabari. Hazikuwa hivyo. Wadogo walikuwapo, tena wengi; hawakuonekana tu.

Kuhusu uzee, kumbuka kwamba kwasa ni shimo jeusi kubwa katikati ya galaksi, linalomeza gesi. Kwa makadirio ya kawaida, kipindi hicho cha kumeza hudumu makumi ya mamilioni ya miaka, pengine mamia. Ulimwengu una miaka bilioni 13.8. Kwa hiyo hakuna kwasa iliyowaka tangu enzi hizo ikawa inafifia polepole hadi leo. Wanaanga wanaposema kwasa zimebadilika, wanazungumzia jamii nzima, kama sensa inavyosema watu wa nchi wamebadilika bila kumfuata mtu mmoja mmoja.

Sensa hiyo inasema kilele cha wingi wa kwasa kilikuwa miaka bilioni 10 hadi 11 iliyopita. Vyanzo vya redio vyenye nguvu kubwa kabisa vilikuwa vingi takriban mara 1,000 kuliko vya leo katika ujazo uleule wa anga, baada ya kuzingatia kutanuka kwa ulimwengu. Mwaka 1966 mwanaanga Malcolm Longair, akitumia hesabu za idadi ya vyanzo vya redio zilizofanywa Cambridge, Uingereza, alionyesha kwamba ongezeko kubwa namna hiyo haliwezi kuwa la vyanzo vyote, ni la vile vyenye nguvu. Vilivyo dhaifu viliongezeka kwa kiasi kidogo zaidi, na kilele chao kilichelewa. Hili ndilo ningependa wenzako waondoke nalo: wakubwa na wadogo hawakupanda wala kushuka kwa mwendo mmoja.

Lakini wadogo wa mbali wanapimwaje ikiwa hawaonekani? Hapa, nakiri, ndipo moyo wangu ulipo. Darubini ya redio ya VLA ya New Mexico, Marekani, yenye antena 27, ilianza mwaka 1993 upimaji wa anga uitwao FIRST, ambao mwisho wa kuona kwake ni karibu sehemu moja ya elfu ya jansky, kipimo cha nguvu ya redio inayotufikia. Kwasa nyingi ziko chini ya hapo. Mwaka 2007 Richard White na wenzake walichukua picha za FIRST za mahali palipo na kwasa zaidi ya 40,000 zilizokwisha kutambuliwa kwa mwanga wa kawaida, wakazipanga moja juu ya nyingine, kitovu juu ya kitovu. Kelele hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya picha, na kipeuo cha 40,000 ni 200. Katikati ya picha tupu pakajitokeza nukta. Walitumia namba ya katikati (ile inayobaki katikati thamani zote zikipangwa kwa ukubwa) badala ya wastani, ili majabari machache yasiuvute mzani. Ni kazi ya subira na uaminifu, na ninaipenda kuliko picha yoyote ya rangi.

Nukta hiyo inatoka wapi? Sehemu yake hutoka kwenye galaksi yenyewe: nyota kubwa hulipuka, elektroni zikarushwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, zikazunguka kwenye uga wa sumaku na kutoa redio. Uzaliwaji wa nyota nao ulifikia kilele takriban miaka bilioni 10 iliyopita, kwa hiyo sehemu hiyo ya redio imepungua pamoja nao. Sehemu nyingine hutoka jirani na shimo jeusi, kwenye michirizi midogo ya chembe isiyo na nguvu ya kuvuka galaksi. Wapo wanaozipa nyota karibu yote. Mimi naona ni mchanganyiko, kwa sababu antena za mabara mbalimbali zikiunganishwa kuwa darubini moja, baadhi ya kwasa hizi huonyesha kiini kidogo kinachong'aa kupita uwezo wa nyota zozote.