Jibu: Kunguru wameukimbia mtego wa Shela

Ndugu, umesema mtego wenu wa tundu hapo Shela, Lamu, ulinasa siku mbili tu, kisha kunguru wakaukwepa. Ninavyoona, tatizo ni saa ya kuwatoa walionaswa. Mkiwatoa mchana wenzao wanaona, na kunguru hasahau. Ingieni baada ya magharibi, giza likishashika.

Pia msiwatoe wote. Bakisheni wanne au watano wawavute wengine, nao wapate maji kila siku, chakula na kivuli. Kuwatesa si haki, na mzoga ndani ya mtego huwafukuza walio nje.

Kagueni mlango wa juu, ule wa mfano wa ngazi iliyolazwa: nafasi kati ya vijiti imtoshe kunguru kudondoka akiwa amekunja mabawa, asiweze kutoka akiyakunjua. Matumbo ya samaki ni chambo kizuri, ila hayana maana jaa la jirani likiwa limejaa hayo hayo.

Mwenye shingo ya kijivu ndiye mgeni, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890. Mwenye kifua cheupe ni wa kwetu, mwachieni. Kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kipatikane kwanza. Na sumu ya panya msiitumie kabisa: watakaokufa ni paka wa mji.