Kabla Hujamwandikia Kamishna

Ukianza kazi ya ushauri wa kodi hapa Kenya, hutamaliza wiki kabla mteja hajakwambia, "Niliuliza, nikaambiwa hakuna shida." Muulize: alimuuliza nani, na jibu liko wapi? Mara nyingi ni afisa wa dirishani, au sauti ya simu. Siwalaumu, wengi husaidia kwa nia njema. Ila siku ya ukaguzi afisa yule atakuwa amehamishwa, na neno lake halina mwenyewe.

Kinachomfunga Kamishna, yaani mkuu wa kodi kwenye Mamlaka ya Mapato, ni kile ambacho sheria imesema kitamfunga. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 ina njia mbili za kupata tafsiri yake ya sheria: uamuzi wa umma, unaotangazwa kwa walipakodi wote, na uamuzi binafsi wa kifungu cha 65, unaouomba kwa maandishi kuhusu muamala wako, uwe umefanyika au ungali unakusudiwa. Ukitolewa, yeye amefungwa, wewe hujafungwa. Usipoupenda unaweza kushika njia yako, ingawa utakuwa umeshamwonyesha mahali pa kuchimba.

Kufungwa huko kuna masharti: uwe umeeleza yote na kwa ukweli, na muamala uwe umekwenda kama ulivyoueleza. Hapo ndipo nilipoungua.

Nilikuwa bado mchanga kazini nilipoandika ombi la kampuni moja ya Mombasa iliyomhudumia mteja wa ng'ambo. Tulitaka kujua kama huduma zile, kwa kodi ya ongezeko la thamani, zinahesabiwa kuwa zimeuzwa nje. Nikajaza kurasa sita za hoja, na aya moja tu kuhusu kazi yenyewe, niliyoinakili kwenye mkataba. Jibu likaja zuri, tukalifungia kabatini kama hati ya shamba. Ukaguzi ulipofika ikaonekana kila robo mwaka watu wawili walikwenda Nairobi kufundisha wafanyakazi wa tawi la mteja yule, yaani sehemu ya huduma ilitumika hapa hapa Kenya. Hakuna aliyeficha. Hakuna aliyeuliza, na wa kuuliza nilikuwa mimi. Mkaguzi akasoma aya yangu, akasoma vocha za usafiri, akairudisha barua mezani. Haikumhusu tena.

Siku hizi naanza na watu: anayeandika ankara, anayeidhinisha safari, fundi anayefanya kazi yenyewe. Hoja za sheria huja mwisho, na mara nyingi huwa fupi kuliko nilivyodhani. Sheria inataka uambatishe nyaraka, utaje swali lenyewe hasa, kisha utoe maoni yako kuhusu jinsi sheria inavyotumika. Wanaoanza hukwepa hilo la maoni wakiona ni kujianika. Msilikwepe, swali lisilo na msimamo mnamwachia mwingine aliandike upya apendavyo.

Tena msingoje moto uwake. Jambo likishaingia kwenye ukaguzi unaoendelea, au likishaamuliwa katika makadirio yenu, yaani hesabu ya kodi mnayodaiwa, Kamishna anaweza kulikataa ombi. Na jibu baya halipingwi lenyewe, kwa kuwa sheria inalihesabu kuwa maoni tu. Utasubiri makadirio, ndipo uwasilishe pingamizi ndani ya siku 30.

Kwenye forodha jina ni uamuzi wa awali, kwa mfano kuhusu bidhaa iingie fungu gani la ushuru, au asili yake ni wapi. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), ulioanza kutumika Februari 2017, unakataza kuufuta kwa kurudi nyuma na kumuumiza aliyeomba, isipokuwa maelezo aliyotoa yalikuwa pungufu, ya makosa, ya uongo au ya kupotosha. Angalieni hilo neno la kwanza: pungufu. Aya yangu ya Mombasa haikuwa na uongo hata mmoja.

Kwa hiyo rasimu ikikamilika, simpi wakili kwanza. Nampa fundi, pamoja na kalamu nyekundu.